Mama wa Komisaa

Uongo wangu wa kwanza kuhusu Komisaa niliusema kwa sababu ya mama yangu mzazi. Alikuwa ameketi mbele yangu na sahani ya karanga mapajani, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumtafsiria maneno ya yule mzungu jinsi yalivyotoka kinywani mwake.

Nianze vizuri, maana nina tabia ya kurukia mambo. Nyumba yetu ilikuwa katika kambi ya kampuni ya mgodi, hapa Kolwezi, na televisheni baba aliipata zamani, wakati kampuni ilikuwa bado kampuni na yeye ni kapita wa karakana, vijana wote wa mashine wako chini yake. Nyumba yenye televisheni si yako peke yako. Kila Jumapili jioni, kwaya ikishamalizika, akina mama wa mstari wetu waliingia sebuleni na vigoda vyao, bila hodi, kutazama filamu ya mpelelezi mmoja wa Ulaya ambaye kila wiki aligundua nani kamwua nani. Wote walimwita Komisaa. Shida ni kwamba Komisaa alisema Kifaransa, tena haraka, tena na sigara mdomoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, nilisoma kwa masista, basi nikawekwa kando ya televisheni kama mkalimani wa kanisani. "Madamu, anasema nini?" Na mimi, sitaficha, napenda kusikilizwa.

Sasa huyo Komisaa alikuwa na mambo ya nyumbani. Juu ya meza yake ya kazi kulikuwa na picha iliyolazwa kifudifudi. Siku hiyo mwenzake akamuuliza mbona haendi kumwona mama yake. Akajibu bila kuzungukazunguka: sina mama, na ukiniuliza tena nitatoka humu. Baadaye tulielewa, yaani nilielewa mimi, kwamba baba alifungwa kwa kumwua mtu, mama akazama katika pombe, akamwacha mtoto kwa watawa, na mtoto alipokuwa mtu mzima na bastola kiunoni akaapa hatamsamehe. Haya, wewe ungemwambiaje hivyo mama yangu, mwanamke mwenye watoto wanane, kiongozi wa akina mama wa parokia? Mtoto anayemkana mama yake mbele za watu! Wangezima televisheni na kuanza kusali. Nikasema: mama yake alipotea wakati wa vita, anamtafuta mpaka leo.

Sebule nzima iliguna kwa huruma. Maskini, walisema, maskini mutoto wa watu. Mama akaacha kutafuna karanga. Nikajiona nimefanya jambo jema.

Kumbe nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe, maana uongo wa namna ile unataka kulishwa kila Jumapili. Wiki chache baadaye yule mama akatokea kwenye filamu, nywele timutimu, koti limechanika, anagonga mlango wa Komisaa na kulia, na Komisaa yumo ndani, ameketi, hafungui. Akina mama wakanigeukia. Nikasema huyo ni mwendawazimu wa mtaani, alifiwa na mtoto, anadhani kila polisi ni wake. Loo, ndipo walipolia kweli. Mmoja akashauri Komisaa afungue tu, labda yule mwanamke ana habari za mama aliyepotea. Na umeme wa bwawa la Nzilo ulipoanza kukatika katikati ya filamu, ndiyo kabisa: nilimaliza hadithi kwa kichwa changu mwenyewe, natia chumvi ninavyotaka, nao wanasikiliza gizani kimya.

Karibu na mlango, penye hewa, aliketi mwanamke jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, pamoja na mama yake. Watu wa Kasai, ndivyo walivyoitwa, ingawa jirani alizaliwa Kolwezi hapa hapa, katika hospitali ile ile nilimozaliwa mimi. Baba yake ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka jimbo lile kuja kuchimba, zamani hizo. Mama yake tulimwita kambo, jina tunalompa bibi yeyote kwetu. Kambo alikuwa na kifua kibovu na sikio moja zima, na habari za Komisaa alizibeba kama za ukoo wake. Kila Jumapili, kabla hata hajaketi, aliniuliza: amemupata? Nami: bado, kambo, karibu. Jirani yeye hakuuliza kitu. Alimenya karanga, na mara nyingine alitabasamu mahali pasipochekesha. Nilidhani Kifaransa kimempita mbali. Nilikuwa hata nikimwonea huruma, nageukia upande wake na kusema polepole, kama na watoto wa darasa langu. Nikikumbuka hilo peke yake, uso unaniwaka.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi ulikufa kipande kwa kipande: mashine hii imesimama, ile imesimama, unga wa posho haukuja mwezi huu wala mwezi uliofuata, baba anakwenda karakana asubuhi na kurudi na mikono safi. Mikono ile safi ilimtisha mama kuliko sufuria tupu. Na watu wenye njaa wanataka mtu wa kumlaumu, na wakubwa wakawaonyesha kwa kidole: Wakasai. Wameshika kazi zote, wameikula nchi, warudi kwao. Wakaitwa wadudu. Niliwasikia watoto wa darasa langu wakiliimba neno hilo uwanjani, nikapiga kengele mapema ili wanyamaze. Huo ndio ushujaa wangu wote wa mwaka ule. Sokoni walinyimwa unga. Nyumba zao zilipewa wengine, wenyewe wangali wanakula ndani. Wakahamia stesheni na vitanda vyao, na cherehani zao, wengine hata milango waliing'oa wakaibeba, wakingoja treni ya Kasai ambayo ilikuja ilipotaka yenyewe.

Jirani alikuja mchana mmoja, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Nyumba yao ilikuwa imeshapewa mtu, walibakiwa na siku moja ya kutoka. Mume na watoto walikwishatangulia kushika nafasi kwenye saruji ya stesheni. Akaniambia mama yake hataiweza safari ile. Kulala nje kwa majuma, na mvua hizi, kisha behewa lililo wazi: kifua chake hakitahimili. Aliomba kambo abaki kwetu mpaka wao wapate paa kule, kisha watamtafutia njia. Wakija watu kuuliza, niseme ni kambo yetu, ametoka Mutshatsha. Ndugu za mama yangu wako Mutshatsha kweli, na bibi zetu walishuka kwenye treni mara kwa mara na magunia ya makaa na mihogo, kuja kututembelea. Nani angeshangaa? Kiswahili cha kambo kilikuwa cha hapa hapa, kama changu.

Nikamwambia mimi sijui kuwadanganya watu kama wale.

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mambo yaanze. Halafu akatamka, kwa Kifaransa safi kuliko changu, maneno yale ya Komisaa, yote, kama yalivyokuwa: sina mama, na ukiniuliza tena nitatoka humu. Mchi ulinikwama mkononi. Kumbe alisoma kwa masista wale wale, miaka mingi kabla yangu.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini mama alikuwa anafurahi. Na filimu yako ilikuwa muzuri kupita ile yabo." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Yule muzungu ulimupatia mama, bule tu. Na mama yangu mi, umuchungeko."

Nilikubali. Baba alikubali kwa kuleta mkeka, mama kwa kubadilisha shuka. Kambo akalala kitandani mwangu na mimi chini kwenye mkeka. Jumapili alitazama filamu pamoja nasi, safari hii mbele kabisa, maana vigoda vilikuwa vimepungua. Amemupata? Karibu, kambo. Na msidhani sikujiandaa. Nilitengeneza Mutshatsha nzima kichwani: ameshuka siku gani, amekuja kutibiwa kifua, shamba lake liko ng'ambo ya reli, mjomba gani anamtunza, mbuzi wangapi wamekufa. Nilifanya hata mazoezi mbele ya kioo.

Walikuja asubuhi, vijana watatu waliopita nyumba kwa nyumba kuwatafuta Wakasai. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, naye ndiye aliyeshika daftari. Walisalimia vizuri. Kambo alikuwa uani, kwenye mkeka, anachagua maharage. Mwanafunzi wangu alilitazama daftari, akamtazama kambo, akauliza kwa adabu kabisa:

"Madamu, ule kambo ni wa nani?"

Nami nikasema: "Ni mama ya jirani."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii natafuta fimbo mikononi mwao, panga, ngumi, kitu chochote cha kunitetea, sikipati. Kulikuwa na kalamu. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza, na mimi nikajibu kama mtoto mwema wa dawati la mbele. Nilimwogopea baba asipoteze nyumba? Labda. Nilikuwa nimechoka kulala chini? Mungu wangu, hata hilo nimejiuliza. Mimi niliyedanganya sebule nzima mwaka mzima bila kutoa jasho, siku moja tu uongo ulipohitajika, nilisema kweli. Najuta kweli ile kuliko uongo wangu wote.

Jikoni, mama aliacha kukoroga. Nilidhani kambo hakusikia. Alisikia. Aliyakung'uta maharage kutoka mapajani hadi kikapuni, asipoteze hata moja, akafunga kitenge chake, akaomba ndala zake. Alimshukuru mama kwa kitanda. Mwanafunzi wangu akambebea furushi, akamshika mkono penye matope, wakaenda naye stesheni taratibu, kwa heshima zote.

Nitasema sasa hivi, nisije nikashindwa baadaye: kambo hakufika Kasai. Mfanyakazi mmoja wa reli ndiye aliyetuletea habari. Kambo alikata roho walipokwishapita mji wa Kamina, wakamzika kando ya reli wakati treni imesimama kungoja kichwa kingine cha kuivuta. Jirani hakuandika, wala sikutarajia aandike. Na kando ya televisheni sikusimama tena. Akina mama waliobaki walipokuja Jumapili niliwaambia nimechoka, Jumapili iliyofuata nikasema hivyo hivyo, nao wakatazama picha bila maneno mpaka wakaacha kuja.

Lakini kabla ya hayo nilikwenda stesheni, siku ya pili baada ya kambo kuchukuliwa, mchana, nimebeba bukari, ugali wetu, na sombe katika sufuria kubwa ya mama. Sijui nilidhani nini. Chakula kingefanya nini? Niliwakuta kati ya cherehani ya mtu na mlango wa mtu, mlango mzima wenye kitasa, umeegemezwa kwenye masanduku kuzuia mvua. Jirani akaipokea sufuria, akawagawia watoto kwanza. Nilianza kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, akanikatiza: watoto wanakula. Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali, angenitukana, angenirushia sufuria ile mbele za watu wote.

Kambo alikuwa amelala nyuma ya ule mlango, amefunikwa vitenge viwili, anakohoa. Aliijua sauti yangu. Akainua mkono kidogo.

"Madamu. Na Komisaa? Amemupata?"

Nikamtazama jirani. Katika stesheni ile nzima, ni yeye peke yake aliyejua filamu ile ilisema nini kweli. Alikuwa ameshika mwiko, ananitazama, anangoja kama wengine.

"Amemupata, kambo."

"Alimufungulia mulango?"

"Alimufungulia. Akamuingiza mu nyumba, akamukalisha ku kiti yake mwenyewe, akamupa chakula. Bantu bakakuja kumuuliza huyu ni nani. Akabaambia: ni mama yangu."

Kambo akafumba macho, ameridhika. Mtoto mmoja akauliza kama sombe ingalipo. Jirani akaikwangua sufuria mpaka chini, akampa, akaifuta kwa jani, akanirudishia.

"Ona sasa," akaniambia taratibu. "Unajua kusema."