Mwanafunzi Niliyemruka

Sijui kukaa kitako. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na Brussels haijaniponya. Katika chumba cha orofa ya tatu cha shule ya watu wazima pale Ixelles nilifundisha huku nikizunguka meza, nikifungua dirisha, nikilifunga, nikifuta ubao ambao hata sikuwa nimeujaza.

Kazi yenyewe ilikuja na ruzuku. Shule iligundua kwamba wanafunzi wanaozungumza Kihispania, wengi wao wanawake kutoka Ekwado, Kolombia na Bolivia, walikuwa wakijiandikisha kwa bidii kwenye kozi ya usaidizi wa wauguzi, halafu wakiyeyuka kabla ya mtihani. Mratibu akaandika mradi, fedha zikapatikana, akatafutwa mtu wa kuwapa masomo ya ziada, anayejua Kifaransa, Kihispania na kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mimi nilikuwa nimewahudumia wazee kwa miaka minane. Kihispania nilikiokota kabla ya hapo, kwenye kusafisha ofisi, kwa sababu zamu nzima ilikuwa ya wanawake wa Kolombia na Mkongomani nilikuwa mimi peke yangu. Ama ujifunze, ama upige deki kimya, na kimya mimi sikiwezi.

Katibu wa shule, mwanamke wa Goma mwenye ulimi mkali na moyo mwema, alinipokea siku ya kwanza kwa kunitania, kwa Kiswahili cha kwetu chenye Kifaransa ndani.

“Wewe mutu wa Bukavu unaenda kusaidia ba-Latino. Bon. Na batoto betu, nani atabasaidia?”

Nilimjibu kwamba siku mradi utakapoandikwa kwa jina lao nitawafundisha wao. Alicheka akaniachia ufunguo. Swali lake lilinisumbua mpaka Porte de Namur, na nilipofika pale nikapitiliza kituo cha metro nikaendelea kutembea.

Masomo yalianza mwezi wa tisa, na wanafunzi walikuwa wanane. Saba walikuwa wasichana na akina mama vijana. Wa nane alikuwa mama Mbolivia aliyekaribia miaka sitini, mfupi, mwenye msuko mmoja mrefu mgongoni, aliyekuja kwa tramu kutoka Laeken na kufika kabla ya wote. Alifanya kazi ya kufua katika nyumba ya kutunzia wazee. “Nimefua shuka zao miaka sita,” aliniambia. “Sasa nataka kuwashika wao wenyewe.” Bila cheti asingeruhusiwa. Mtihani alikwisha kuushindwa mara moja, na kwa kanuni ya shule ile, anayeshindwa mara mbili hajiandikishi tena ila kwa ruhusa ya baraza la walimu.

Nilimpenda papo hapo. Nilimwita maman, kama ambavyo ningemwita mwanamke wa umri wake kule Bukavu. Nilimwekea kiti karibu na kipasha joto, nikampelekea kahawa kwa mikono miwili. Na nilipozunguka darasani nikiuliza maswali, mgonjwa asiyeweza kugeuka unamgeuzaje, kidonda cha kulala kinaanzia wapi, niliuliza wa kulia kwake, kisha nikauliza wa kushoto kwake. Yeye sikumuuliza. Kwetu mtu mzima humsimamishi mbele ya watoto ili aonekane hajui. Ukitaka kujua jambo lake unamfuata pembeni, na hata hapo unazungukazunguka kwanza. Wala sikufikiria kwamba ninachagua. Mdomo wenyewe ulimpita.

Yeye alitabasamu, akaandika, akaitikia kwa kichwa. Hakukosa siku hata moja. Kwenye taarifa za mradi mahudhurio yake yalikuwa ya kupendeza kuliko ya wote, na mratibu aliyasifu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya walifanya jaribio. Mwalimu wa kozi aliniita akanionyesha karatasi ya yule mama. Alikuwa ameandika mistari minne, na miwili kati ya hiyo alikuwa amenakili swali. Nilimkasirikia, nakiri. Miezi minne anakaa pale anatabasamu, kwa nini hakusema? Nilishuka ngazi, nikapanda, nikashuka tena, mpaka katibu akatoka mlangoni kwake.

“Unatafuta nini humu, wewe?”

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akipiga mihuri.

“Ulishamuuliza kitu mbele ya benzake?”

“Hapana. Ni maman yule. Utamuulizaje?”

“Alors? Ku mutihani batamuletea kahawa?” Akaweka muhuri chini. “Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Weye unamukalisha mugeni tangu mwezi wa kenda.”

Siku iliyofuata nilimvizia yule mama kwenye ngazi kabla ya somo. Nilianza kuzunguka kama kawaida, habari za kazi, habari za baridi. Alinikatiza kwa Kihispania, polepole, bila hasira.

“Siku za mwanzo nilikuwa nakariri majibu kwenye tramu. Kutoka Laeken mpaka hapa nayasema kimoyomoyo. Unakuja, unafika kwa huyu wa pembeni yangu, nasema sasa ni mimi. Unaniruka. Wiki ya nne nikaacha kukariri. Nikasema, mwalimu ameshaona kwamba mimi sitaweza, ila ana adabu.”

Ningempigia magoti pale ngazini. Nilimwambia ilikuwa heshima. Akasema, “Kunibakiza kwenye kufua nako wanakuita heshima. Wananiambia kazi ya wagonjwa itanichosha.”

Kuanzia jioni ile nilianza na yeye kila swali. Iliniuma. Alikwama, akatafuta neno la Kifaransa, wasichana wakatazama madaftari yao, na mimi nikashika ukingo wa meza ili nisimsaidie. Mwezi wa pili alijibu nusu. Mwezi wa nne alimsahihisha msichana wa Kolombia juu ya namna ya kumketisha mgonjwa aliyepooza upande mmoja, darasa likacheka, yeye mwenyewe akacheka kwa sauti. Nilienda dirishani nikajifanya nalifunga.

Mtihani wa mdomo ulikuwa mwezi wa sita, mbele ya watu watatu. Nilitembea kwenye korido mpaka mlinzi akaniomba nikakae nje. Matokeo yalibandikwa siku ileile. Sita walifaulu, mmoja aliambiwa arudie sehemu. Yeye alishindwa, kwa tofauti ndogo sana. Miezi minne niliyompotezea ilikuwa mizito kuliko mitano niliyomrudishia.

Mratibu alifurahi, na sikumlaumu. Mradi ulikuwa umefaulu na ungeongezewa muda. Kilichobaki kilikuwa barua kwa baraza la walimu kumwombea ruhusa, na fomu ya wafadhili yenye mstari wa kujaza sababu ya kushindwa. Mratibu alinishauri niandike ugumu wa lugha. “Kila mtu huandika hivyo,” alisema. Nilikaa na ile fomu siku mbili, kama naweza kusema nilikaa. Mwishowe niliandika, kwenye fomu na kwenye barua: hakuulizwa. Nikaeleza chini yake nani hakumuuliza, na kwa nini. Mratibu alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama naipenda kazi yangu. Nikamwambia naipenda. Akapitisha.

Kabla ya kupeleka barua nilimsomea yule mama, kwenye benchi la nje ya shule. Jina lililokuwa hatarini lilikuwa lake. Alisikiliza akiwa ameshika msuko wake kwa mkono mmoja.

“Na mimi sikunyoosha mkono,” alisema. “Miezi minne nina ulimi, nikanyamaza. Liandike na hilo.”

Nilikataa. Nilimwambia baraza litalitumia dhidi yake, kwamba kosa lilikuwa langu mimi mwalimu, kwamba yeye apumzike, mengine aniachie mimi. Niliongea sana, nilikuwa nimeshasimama na kutembea mbele ya benchi.

“Unaniruka tena,” alisema.

Nikaketi. Nilitoa kalamu nikampa, na akaandika mwenyewe, kwa Kifaransa chake, mistari miwili juu ya sahihi yangu. Sikumsahihisha.