Karatasi Ilisema Nyumba ni Yangu

Nilitolewa kwenye nyumba yangu na karatasi iliyosema nyumba ni yangu.

Msicheke. Someni, hasa nyie kina mama.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Moshi ukamla mapafu. Asubuhi moja akaniambia, "Mama Pacha, niletee daftari. Siku zangu zinahesabika."

Akaandika wosia pale pale kitandani. Karakana aliwaachia watoto wake wawili wakubwa wa marehemu mke wa kwanza. Nyumba ya vyumba vitatu akaniachia mimi, niwalelee pacha wetu humo.

Wosia unataka mashahidi wawili. Fundi saa, rafiki yake, alikuwa ameshakaa kwenye stuli.

"Wa pili kamwite yule nesi jirani," mume wangu akasema.

"Yule? Kesho mtaa mzima utajua mpaka idadi ya vijiko vyetu!"

Fundi saa akacheka. "Shemeji hajakosea. Mdomo wa yule hauna kofuli."

"Basi natia sahihi mimi," nikasema. " Nani shahidi wa nyumba hii kunizidi?"

Mume wangu hakuwa na pumzi ya kubishana.

Nikatia sahihi. Majina yangu yote matatu, mwandiko umenyooka.

Wiki ya tatu tukamzika.

Matanga yalipoisha, mdogo wake akaja na wale watoto wakubwa. Akaisoma karatasi polepole.

"Shemeji, sahihi hii ya chini ni yako?"

"Yangu! Unadhani mimi wa kuweka dole gumba?"

"Hapana, shemeji. Nzuri sana."

Nikadhani nasifiwa. Kumbe samaki anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

Mahakamani wakili wao aliniuliza maswali mawili tu.

"Mama, nyumba ameachiwa nani?"

"Mimi."

"Na shahidi ni nani?"

"Mimi."

Akaketi.

Hakimu akavua miwani. "Mama, kwa sheria yetu, shahidi wa wosia harithi kwa wosia huo huo. Angetia sahihi mtu mwingine yeyote asiyerithi, nyumba ingekuwa yako. Sasa ni ya warithi wote, mgawane."

Vyumba vitatu mnagawanaje? Wale wakubwa wakataka iuzwe. Ikauzwa, na fungu letu halikutosha kununua nyingine.

Sasa tumepanga chumba kimoja, watatu kitanda kimoja. Juzi pacha wa kike akaniuliza, "Mama, kwani baba hakutuachia kitu?"

"Alituachia."

"Kiko wapi?"

Nikageukia ukutani.

Mama mwenzangu, mumeo akiandika jina lako kwenye wosia, usishike kalamu. Toka kabisa chumbani. Waitwe watu wasioambulia chochote, hata kama ni wambea. Na nendeni kwa wakili mapema, mgonjwa angali na pumzi ya kuulizia, maana sheria ya kwenu huenda si ya kwetu.

Mtaa ungetusema wiki moja, ukachoka. Mimi wanangu wataniuliza mpaka nife.