Dirisha Nililoliweka Jumapili

Miaka ile mali za serikali zilipokuwa zikiuzwa, kila mtu Arusha aliyewahi kuwasha kompyuta bila kuiunguza aliitwa mtaalamu. Mimi nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga Sombetini, diski tano nilizozihifadhi ndani ya soksi zisiingiwe na vumbi, na kadi za biashara zilizoandikwa "Mtengenezaji wa Tovuti" kwa herufi za rangi ya dhahabu. Tovuti nilizokuwa nimekwisha kutengeneza zilikuwa mbili, na moja ilikuwa inanihusu mimi mwenyewe.

Kazi ya tatu niliipata kwenye hoteli moja ya zamani chini ya mlima Meru. Ilikuwa ya shirika la umma mpaka mfanyabiashara mmoja kutoka Moshi alipoinunua pamoja na masufuria, mazulia na wafanyakazi wake. Alitaka watalii waagize vyumba kwenye mtandao, na wale wanaopiga simu waandikishwe na mtu wa mapokezi kwenye ukurasa huohuo, ili lile daftari kubwa la kaunta liondoke. Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Nilikuwa nikisema hivyo kwa kila jambo nisilolijua.

Pamoja na masufuria alikuwa amerithi opereta wa simu, mama mmoja wa Kimeru asiyeona tangu utotoni. Alikuwa amekaa kwenye swichibodi ya hoteli ile, ubao wa matundu wa kuunganishia simu, kabla mimi sijaanza shule. Mtu wa kampuni ya utalii akisema "haloo" tu, mama alimjua, akamuuliza kama ule mguu wake umepona. Sasa swichibodi ilikuwa ing'olewe. Mwenye hoteli hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alimwambia mbele yangu, "Mama, kiti cha kupokea booking ni kimoja. Ukiweza kumwandikisha mgeni kwenye kompyuta peke yako, bila kushikwa mkono, ni chako. Tutaona Jumatatu ijayo. Ikishindikana, itabidi tuagane."

Mama hakulia wala hakuomba. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, huo ukurasa wako na sisi tusioona tunauingia?"

"Mama, hilo ni jambo dogo," nikasema.

Kumbe alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Mgeni mmoja wa kanisani kwao alikuwa amemwachia diski yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ilikuwa ya majaribio, ikifanya kazi dakika arobaini kisha inanyamaza mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Sauti yake ilikuwa ya mzungu, na Kiswahili ilikisoma kama mtu aliyebanwa pua. Mama hakujali. Kwenye chuo cha wasioona alifundishwa kupiga taipu, kwa hiyo vidole vyake vilijua kila herufi ilipo. Mausi haikumsaidia kitu, maana huwezi kulenga usichokiona. Alikwenda kwa kitufe cha Tab: ukikibonyeza kinakupeleka kwenye kitu kinachofuata, sauti inakitaja, ukikitaka unabonyeza Enter.

Siku ya kwanza nilimkalisha mbele ya kazi yangu nikakunja mikono kifuani, nikisubiri sifa. Akabonyeza Tab. Sauti ikasema "linki." Akabonyeza tena. "Linki." Linki, linki, linki, mara kumi na moja, bila kusema linki ya kwenda wapi, kwa sababu maneno yote nilikuwa nimeyachora kama picha ili yapendeze. Menyu yangu niliyoionea fahari, ile inayofunguka mausi ikipita juu yake, kwake haikufunguka kabisa. Alipoifikia fomu akasikiliza kidogo, akacheka.

"Inaniuliza naondoka lini," akasema. "Mwanangu, si ungeningoja nifike kwanza?"

Ilikuwa kweli. Kwa macho, tarehe ya kufika ilikuwa juu na ya kuondoka chini yake, safi kabisa. Kwa Tab, ulianza na kuondoka, ukaruka kwenye nchi unayotoka, ukarudi kwenye jina, na kufika ukakukuta mwisho. Nilijitetea kwamba nimeshaijaribu nikiwa nimefumba macho na ikakubali. Sikumwambia kwamba jicho la kushoto sikulifumba sana.

Mama akasimama, akavua kitenge chake begani, akakitandika juu ya kioo cha kompyuta chote. Mausi akaichomoa akaitia mfukoni mwa sweta. "Haya, mtaalamu. Jiandikishe."

Baada ya dakika ishirini za kutokwa jasho nilikuwa nimejiandikisha kama raia wa Afghanistan, jina la kwanza kwenye orodha ya nchi, kwa kuwa nilishindwa kuteremka zaidi. Nilikuwa nimeagiza vyumba vinne kwa ajili ya watoto sita na mtu mzima hakuna hata mmoja. Mama alicheka mpaka mpishi akachungulia. Nami nilicheka, kicheko cha mtu aliyeumbuliwa.

Wiki ile nilifanya kazi kweli, labda kwa mara ya kwanza maishani. Mama alikaa pembeni yangu akinielekeza alivyokuwa akipangilia swichibodi: kila tundu mahali pake, na kidole kisipelekwe mbali bila sababu. Picha nikazigeuza kuwa maneno. Kila kisanduku nikakipa jina. Menyu ikafunguka kwa Enter. Nikaweka juu kabisa linki ya kuruka moja kwa moja kwenye fomu, ili asisikilizishwe orodha nzima kila ukurasa unapofunguka. Ijumaa mama aliandikisha mgeni wa kubuni kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kichwa kikanivimba. Njia nzima kurudi nyumbani nilijieleza kwa watu wasiokuwepo jinsi nilivyowafungulia mtandao wasioona.

Jumamosi mwenye hoteli alikuja kuangalia. Akainama mbele ya kioo, akakuna kidevu. "Mbona pakavu hivi? Hata mlima hamna?"

Neno hilo likaniuma. Basi Jumapili, nikitoka tu kanisani, nikaenda kuweka mlima. Nikatengeneza dirisha la kumkaribisha mgeni, linalojitokeza juu ya ukurasa: mlima Meru mzima, na wingu linalopita kileleni kutoka kushoto kwenda kulia, likiisha linaanza tena. Chini nikaandika Karibu kwa herufi zinazometameta. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikaona si adabu mtu aingie kwa watu na kuulizia chumba kabla hajakaribishwa. Nikaandika amri kwamba asiweze kugusa kitu kingine chochote mpaka afunge dirisha. Akijaribu kupita, arudishwe kwenye Karibu. Kwenye kona nikachora alama ndogo ya kufungia. Nikaibofya kwa mausi, dirisha likafungika. Nikaridhika, nikaenda kula.

Jumatatu mwenye hoteli alivuta kiti akakaa. Mama alikuja na sweta jipya na nywele zimesukwa. Mimi nilisimama nyuma yake. Ukurasa ulipofunguka na wingu likaanza kupita, mwenye hoteli akapiga paja. "Hapo sasa! Fundi, nitakupeleka kwa rafiki zangu wote."

Mama akabonyeza Tab. Sauti ikasema, "Karibu."

Akabonyeza tena. "Karibu."

Nikaelewa palepale. Alama ya kufungia ilikuwa mchoro mtupu usiojua kingine ila mausi, na ile amri yangu ya adabu ilikuwa inamrudisha mlangoni kila akitaka kuingia. Akabonyeza tena na tena. Akajaribu Enter, akajaribu kurudi nyuma, akajaribu kitufe cha kutokea. Karibu, karibu, karibu, ile sauti ya pua. Mausi ilikuwa mezani, nisingehitaji hata kupiga hatua. Kubofya mara moja na kusema "samahani, kosa ni langu" kungetosha. Lakini masikioni bado nilikuwa na wale rafiki wote wa mwenye hoteli.

Mama akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Wingu likapita kileleni, likaanza tena. Kisha akasema, "Nimeshindwa kuingia, bwana."

Mwenye hoteli akanitazama. "Fundi, ni mashine?"

"Labda mama hajazoea," nikasema.

Nimewahi kusema upuuzi mwingi, ila huo ndio ninaoukumbuka neno kwa neno. Mwenye hoteli akampa mama pole kwa upole wa kweli, akatoka. Mama akaenda chumba cha swichibodi kukusanya vitu vyake.

Ningependa kuandika kwamba nilimkimbilia bosi palepale. Nilikwenda kwanza kunywa chai. Niliagiza na chapati mbili, nikijieleza kwamba kompyuta si za kila mtu, na ya pili nikaiacha sahanini. Ndipo nikaenda ofisini kwake, nikamwambia yote, hata kwamba nilikuwa najua.

"Ulikuwa unamwona anahangaika, ukanyamaza?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Toa huo mlima wako."

Kuutoa kulichukua muda mfupi kuliko kuueleza. Mama akaitwa, akarudi kitini. Safari hii mwenye hoteli mwenyewe alikwenda chumba cha pili akampigia simu, akajifanya mtalii msumbufu: akabadilisha tarehe mara mbili, akaongeza mtoto, akamtoa. Mama akamfuata kwa Tab bila kupotea, akamsomea kila kitu alichokiandika, akamtakia safari njema. Mwenye hoteli akarudi anacheka. "Kiti chako, mama."

Tulipobaki wawili nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Shikamoo, mama," nikaanza, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Nisamehe. Lile dirisha sikujua kwamba litakufungia."

"Marahaba. Dirisha hukujua, nakubali," akasema. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kibodi, vimetulia. "Lakini nilipobonyeza mara ya pili, pumzi yako ikakatika pale nyuma yangu. Nikajua umeshajua. Ile mikono niliiweka chini kwa ajili yako, mwanangu. Nilikuwa nakungoja useme."