Kibali cha Nyimbo Ambazo Hazijatungwa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya vibali katika ofisi moja mjini Bungoma. Mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu kutoka Kitale, mama anayezunguka masokoni akibandika mabango ya tamasha la jazi. Zilibaki siku nne tamasha lifanyike, na bila muhuri wa kibali ukumbi haungefunguliwa.

Karani aligongagonga fomu kwa kalamu. "Mama, hapa hujajaza orodha ya nyimbo."

"Hazijatungwa bado, baba. Wanamuziki watazitunga wakiwa jukwaani."

"Ati? Sasa mimi nitapitisha nini?"

Nilidhani mama atakasirika. Badala yake alimwomba karani agonge tena vile vile. Karani akagonga, kwa aibu kidogo. Mama akafumba macho, akaanza kuimba bila maneno juu ya mdundo ule. Mwanamke nyuma yangu, aliyekuja kuchukua leseni ya kuuza nyanya katika soko la Chwele, akampokea kwa sauti nzito. Foleni nzima ikapiga makofi. Karani naye akaacha kalamu, akawa anapiga meza kwa viganja.

Waliponyamaza, karani akauliza, "Huu wimbo unaitwaje?"

"Hauna jina. Umezaliwa saa hii, na wewe ni mmoja wa wazazi."

Karani alicheka hadi akafuta machozi, kisha akapiga muhuri. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mwanangu."

Katika safu hii nimezilalamikia sana ofisi zetu. Leo nashukuru. Kwa mara ya kwanza maishani, nilifika dirishani nikasikitika kwamba foleni yangu imeisha.