Bi Mdogo Asiyepiga Teke

Kosa ni langu, na nililifanya kwa kidole kimoja. Jumamosi asubuhi, nikiwa ndani ya basi la Woolwich, nilirekodi ujumbe wa sauti wa kumpelekea rafiki yangu wa klabu ya shabaha, nikautuma kwenye kundi la simu la Waswahili wa jengo letu, Thamesmead, London. Kazi ya kundi hilo ni kutangaza lifti imekufa na nani kapika mandazi. Mimi nikatangaza hivi: "Ndugu yangu, nimeamua. Bi mkubwa nampenda, sina neno naye, ila mateke yake yamezidi. Leo namchukua bi mdogo. Mwepesi, mpole, hapigi teke. Usimwambie mama watoto, nataka kumshtukiza."

Kisha nikatia simu mfukoni, nikatazama dirishani kama mtu mwenye akili zake.

Bi mkubwa ni bastola. Ya upepo, nieleweke. Zile za risasi za kweli nchi hii hairuhusu mtu kama mimi kuwa nazo, na vizuri, maana hata fataki za mtaani hunikimbiza chumbani. Yetu hutupa kijirisasi kama punje ya dengu kwenye karatasi iliyo mita kumi mbele. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniburuta klabu. Alichoka kurudi kutoka kazini na kunikuta kwenye kochi lile lile, nimelala upande ule ule. Ndiye pia aliyeipa bastola jina, kwa kuwa ni nzito, ina umri wake, na haitaki mzaha. Jumapili zetu zikawa hizo: yeye anapiga katikati ya karatasi yake, mimi napiga karatasi ya jirani.

Halafu akaumia kifundo cha mkono akimgeuza mgonjwa kitandani. Kilipona nusu. Sasa, bi mkubwa ana springi tumboni. Ukifyatua, springi inaruka, na bastola nzima inakupiga teke la kwenda na la kurudi. Mimi nililizoea. Yeye alijaribu mara moja tu, akaiweka mezani polepole, akasema, "Nenda tu wewe, bwana. Mimi nitabaki nipike."

Mke wangu hapendi kupika. Hapo nikajua mambo si mema. Nilikwenda peke yangu Jumapili tatu, ya nne nikarudi kwenye kochi, na nyumba ikawa na watu wawili wanaoulizana kama chai ipo.

Basi Jumamosi ile, kwenye duka la bastola za upepo, nilivaa bandeji ngumu ya mkono ya mke wangu, ile yenye kibati ndani, niliyoichopoa kwenye droo. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akanitazama.

"Umeumia, bwana?"

"Sijaumia. Nimeazima mkono wa mke wangu."

Akanipeleka kwenye chumba cha majaribio nyuma ya duka. Bastola ya kwanza, ya kichupa cha gesi, ilikuwa na teke dogo, lakini kwa bandeji ile nililisikia hadi kwenye kiwiko. Nikairudisha. Ya pili haikuwa na teke kabisa, ila kila risasi lazima uishindilie hewa kwa mkono, na mtambo wake mgumu kama mlango wa benki. "Hii haipigi teke," nikamwambia, "inataka mieleka kwanza." Ya tatu unaijaza hewa nyumbani kwa pampu, inatosha kutwa nzima. Nikafyatua, nikasubiri. Nikadhani imekwama.

"Tazama karatasi," akasema.

Tundu lilikuwepo. Pembeni, kama kawaida yangu. Pampu nitapiga mimi, nikawaza. Kazi ya kufanyia sebuleni ndiyo saizi yangu.

Nilipofungua mlango wa nyumbani nilinusa pilau. Jikoni alikaa mama wa ghorofa ya chini, mjane wa Mombasa, ameleta sufuria kumliwaza mwenzake. Mke wangu, bado na sare ya kazi, alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Alikuwa ameusikia ujumbe wangu kazini, kwenye mapumziko ya chai, na bi mkubwa alimjua vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini kuwaambia watu ukweli? Hakuona haraka.

"Karibu, bwana harusi," akasema ndani ya kanga.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" akauliza jirani.

Nikaweka kisanduku cha bastola mezani, nikakifungua. Jirani akakitazama, akanitazama mimi, akafunika sufuria yake.

Mke wangu hakucheka tena. Alikuwa ameona bandeji, bado iko mkononi mwangu, nimeisahau. Akanivua mwenyewe, polepole, kamba moja moja.

Jumapili alisimama mbele ya karatasi, akamwinua bi mdogo kwa mkono ule mbovu. Mimi nilitazama kifundo, sikutazama shabaha. Akafyatua. Kifundo kikatulia. Akasubiri, kama anayesikiliza maumivu yanayokuja kutoka mbali, na hayakuja.

"Tena," akasema.

Alipiga hadi klabu ikafungwa. Tuliporudi, kisanduku alikibeba yeye, kwa mkono huo huo, akakataa katakata nimsaidie. Mlangoni mwa lifti tukamkuta jirani. Akautazama ule mkono, akatikisa kichwa, kisha akanigeukia mimi:

"Mimi ule ujumbe wako sikuuamini hata kidogo. Mwanamume asiyetoka ndani mpaka aburutwe, bi mdogo angempata wapi, kwenye friji?"