Swichi ya Chini ya Gia

Andika kama ninavyosema, usiongeze. Baba yangu alizaliwa Ilula, mama yangu alizaliwa Madibira. Majina yao umeyasoma makaburini. Humu usiyatie, wala la mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wajukuu wa mtu nitakayemsema mnasalimiana nao sokoni.

Mlango wa shule sikuuingia. Umeme wa magari nilijifunza kwa fundi mmoja mjini Iringa, kwa kumshikia taa na kuitazama mikono yake. Miaka ya sabini nikahamia Mbeya, na tajiri mmoja mwenye lori la viazi akanipa pembe ya ua wake niweke meza yangu. Pembe ile ndiyo iliyowalisha baba yako na shangazi zako.

Asubuhi za Mbeya ni za baridi, na lori la dizeli halitaki kuondoka kabla ya kupata moto. Tajiri alitaka kuliwasha akiwa barazani, dereva akifika alikute tayari. Nikavuta waya kutoka kwenye stata, ile mota inayoiamsha injini, nikaupitisha juu ya ua hadi ukutani, nikafunga kitufe. Akibonyeza, injini inanguruma upande wa pili wa ua na ndani ya lori hakuna mtu. Wageni waliitwa kuja kuona.

Lakini ua ule ulikuwa na mteremko, na madereva wa huku milimani huegesha gari likiwa ndani ya gia, maana breki ya mkono hawaiamini. Gari lililoachwa hivyo, ukiliwasha kwa mbali, linaruka. Kwa hiyo nilifunga swichi ndogo chini ya gia: gia ikiingia, waya wa kitufe unakatika, ikiwa huru, unaungana. Dereva nikamwagiza aweke jiwe kwenye tairi na aiache gia huru.

Dereva huyo alikuwa Mngoni, mimi Mhehe. Utani wetu unaujua.

"Mhehe, mbwa wa tajiri sijamwona tangu juzi. Hebu funua hiyo sufuria."

"Babu zenu walitembea kutoka kusini kote kule hadi hapa kwa kukosa breki, nawe utaniambia nini?"

Tulikula sahani moja. Mkewe alipojifungua, bibi yako ndiye aliyempikia uji.

Tajiri akazidi kutaka vitu: taa za ukungu, honi ya pili. Kila kimoja nilikipa waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Waya wa stata haubebeshwi kitu kingine. Dereva naye alitaka redio. Nikamwambia asubiri nipate waya. Hakusubiri. Alirudi safari ya Iringa redio ikiimba, nami nimeshafunga kazi. Mvua ilikuwa inanyesha, jiwe hakulitafuta. Akaliacha lori ndani ya gia.

Asubuhi tajiri akabonyeza. Lori likaruka, likaangusha ukuta wa jiko. Mama yake alikuwa ametoka humo muda huo huo kufuata kuni. Aliketi chini palepale.

Tajiri akatuita sote wawili. Dereva akasema kwa utulivu, "Fundi aliniambia kitufe hakijali gia. Nyaya za swichi ile ameziunga pamoja mwenyewe."

Nikacheka. Kinywani mwake sikuwa nimezoea kusikia lisilo la mzaha, na mtani akikusingizia mbele za watu, desturi yetu ni kucheka. Nikangoja naye acheke. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ukuta umemkosa mama yangu kidogo tu, nawe unacheka," tajiri akasema.

"Mzee, huyu ni mtani wangu. Mtani, mwambie."

"Nimwambie nini? Nimeshasema."

Nikaingia chini ya lori. Nyaya zangu za swichi nilikuwa nimeziunga kwa risasi ya kuyeyusha. Nikazikuta zimekatwa, zimesokotwa kwa vidole pamoja na waya wa redio, zimeviringishwa mpira wa baiskeli, swichi haikati tena kitu. Nikaifungua swichi, nikamletea tajiri vile vile ilivyokuwa. Hakuitazama.

"Umeshacheka, fundi. Toa meza yako."

Mjini habari ikaenea, na hakuna aliyeniletea gari tena. Tukarudi Ilula kulima nyanya.

Baba yangu alipofariki, yule dereva alikuja mazishini kama mtani apasavyo. Alilala kaburini, akadai kuku ndipo atoke, na waombolezaji wakacheka. Nikampa kuku. Nilipomshika mkono kumvuta, nikamwuliza kwa nini alisema vile.

"Aa, mtani. Ule ulikuwa utani tu."

Nikauachia mkono wake. Akapanda mwenyewe.

Koleo langu mpe yeyote atakayelitumia. Swichi hii uitunze wewe. Usiisafishe, wala mpira huo usiuviringue. Siku yangu ikifika, watoto wa dereva yule watakuja. Wape kuku watakayemdai, ucheke nao kama desturi inavyotaka. Wakimaliza, waonyeshe swichi. Hapo usicheke.