Breki Iliyopakwa Mafuta ya Kondoo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mitambo, pale Singida Mjini, sikupewa hata spana. Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya winchi, akawasha umeme, akazima, akawasha tena.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia tak, mzee."

"Basi hiyo tak ndiyo kazi yako mpaka uzeeke. Siku usipoisikia, tafuta kwa nini."

Nilidhani ananitania. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nasi tuliotoka shule ya ufundi tulijiona tumemaliza kila kitu.

Niwaeleze ninyi mliozoea kubonyeza tu. Ndani ya klachi ya umeme mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita, koili huwa sumaku, huvuta sahani ya chuma, ndiyo ile tak, na nguvu ya mota huingia kwenye ngoma ya winchi, lile pipa linalozungushiwa kamba. Breki yetu ilifanya kinyume. Springi ziliibana wakati wote, umeme ndio ulioiachia, ili jenereta ikizimika ghafla mzigo usianguke. Aliyeibuni alikuwa na akili sana, ila alidhani kila mahali pana duka la vipuri.

Nilipelekwa kwanza Kintinku, kwenye winchi ya kuinulia magogo. Huko breki ilitoa moshi kila mchana, nami nikaanza kuifungua. Msimamizi wa pale, mtu mkali lakini mwalimu hasa, akanishika mkono. "Usiguse breki kabla hujapima jenereta. Breki husingiziwa mengi." Kweli, umeme ulikuwa hafifu, sumaku ikivuta nusu nusu, na breki ikijisugua bila kuachia. Ndiye aliyenifundisha pia kupima upenyo kati ya sumaku na sahani kwa vile vibapa vyembamba tulivyoviita fila. Laini za breki, yaani zile bamba zinazosugua na kushika, zikilika, upenyo hupanuka, na mwishowe sumaku hushindwa kuvuta. Huo ndio ufundi wote. Mengine yote ni kuwa na vipuri, na hapo ndipo tulipokufa.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilitumwa pamoja na mtambo wa kuchimba kisima katika kijiji kipya mbele ya Sepuka. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye vidimbwi vyao vya zamani, wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, wakaahidiwa maji. Maji hayakuwapo. Wanawake waliondoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mtoni na kurudi jua likiwa kali, na watoto wadogo walikuwa wanaharisha mpaka wengine wakazikwa. Kila mtu pale alitutazama sisi kama tumebeba mvua.

Mtambo wetu uliinua jino zito la chuma kwa kamba ya waya, ukaliachia, ukaliinua tena. Kifuniko cha breki kilikuwa kimepotea kabla haujatufikia. Tuliomba kingine, tukaahidiwa. Tulichimba hivyo hivyo, na udongo ukaanza kutoka na unyevu. Nawaambia, wanawake walipiga vigelegele kwa ajili ya tope.

Asubuhi iliyofuata tuliinua jino, tukazima umeme, breki ikabana, na ngoma ikaendelea kuzunguka. Jino lilishuka lenyewe kwa kishindo, likakwama kwenye mwamba, kamba ikakatika. Nilipoifungua breki nikasikia harufu ya mafuta ya kondoo. Mlinzi, kijana wa hapo hapo, akaniambia bila wasiwasi wowote, "Mzee Ntandu ameubariki mtambo. Kwetu kitu cha kheri hupakwa mafuta ya mkia." Ntandu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo pale. Alikuwa amepaka pale alipoona panazunguka na kushika.

Nikaziosha laini kwa petroli, nikazikausha kwa moto, nikaziosha tena. Zilishika zikiwa baridi, zikipata joto mafuta yanatoka upya. Bila breki hatukuweza kulinasua jino. Msimamizi wa Mtambo akaenda mjini kuomba laini mpya, akarudi mikono mitupu.

"Nchi haina fedha za kigeni," akasema. "Fungeni mizigo."

"Na kisima, bwana?"

"Kisima gani? Hilo ni shimo."

Tulikuwa tunafunga turubai Mzee Ntandu alipokuja, amebeba kibuyu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akitabasamu.

"Nimesikia chuma chenu kimegoma," akasema. "Labda nilipaka kidogo. Nimechinja kondoo dume aliyebaki."

Wenzangu wakageuka pembeni. Sikuweza kumwacha apake chuma kilichokuwa kinaondoka, nikamwambia ukweli: mzee, breki hushika ikiwa kavu, mafuta ndiyo yaliyoifanya iteleze. Nikaharakisha kuongeza kwamba kosa si lake. Tungekuwa na kifuniko, mafuta yasingefika. Tungekuwa na laini za akiba, ningezifunga kabla ya chai ya saa nne. Nilisema sana, nikachora mpaka chini kwa kijiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini maji yalikuwa karibu?"

"Yalikuwa karibu, mzee."

Akakaa chini palepale kwenye tope lililokuwa limeshakauka.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikastaafu nikiwa Fundi Mkuu, nikaagwa kwa soda na blanketi. Vijana huniuliza nini kilinishinda katika ufundi. Koili iliyoungua niliisuka upya, springi iliyochoka niliibadili. Mzee Ntandu nilimpelekea salamu mara kwa mara kwamba kosa halikuwa lake. Aliyezipeleka mara ya mwisho alirudi akaniambia mzee amefariki, na kwamba tangu siku ile hakukubali kunywa maji yaliyochotwa na mwanamke yeyote wa kijiji. Alikwenda mtoni mwenyewe, na fimbo yake, mpaka miguu ilipokataa.